Redio ya Gari Iliyotoka Kiwandani: Kuitambua Kasoro ya Sauti Kabla ya Kununua Spika Mpya

Magari mengi tunayoyaendesha hapa Malindi yaliteremshwa katika bandari ya Mombasa yakiwa yameshatumika miaka kadhaa huko Japani, na yakaja na redio na spika zilezile zilizofungwa kiwandani. Baada ya mwaka mmoja au miwili ya hewa ya pwani, mwenye gari huanza kulalamika kwamba sauti imefifia, haina besi, inakwaruza au inakatikakatika, na wazo la kwanza linalomjia ni kwenda dukani kununua spika kubwa zaidi. Nimefanya kazi ya umeme wa magari kwa muda wa kutosha kuona kwamba spika mpya, mara nyingi sana, hufungwa mahali ambapo kasoro haikuwapo. Spika ya kiwandani ni ya gharama ndogo, hilo halina ubishi, lakini kabla ya kulaumiwa yafaa kwanza uchunguzwe muziki unaopelekewa, waya zinazouleta, mlango ulioibeba, na umeme wa gari lenyewe.

Vifaa vya uchunguzi ni vichache: mita ya umeme ya kawaida, betri moja ndogo ya volti 1.5 kama zile za saa ya ukutani, bisibisi, kipande cha plastiki bapa cha kung'olea klipu za mlango bila kuzivunja, na wimbo mmoja unaoujua vizuri. Huo wimbo una umuhimu kuliko watu wanavyodhani. Wengi wetu tunapenda taarabu za zamani, na nyingi kati ya hizo zinazopatikana leo mtandaoni zilinakiliwa kutoka kaseti zilizokwisha chakaa, ambamo mlio mwembamba wa fidla na wa taishokoto ulikwishapotea miaka mingi kabla gari lako halijaundwa. Hakuna spika itakayorudisha kisichokuwamo katika rekodi. Kwa hiyo chagua wimbo uliorekodiwa vizuri, wenye sauti ya mtu, ngoma nzito na ala nyembamba, uusikilize gari likiwa limezimwa injini, kisha injini ikiwa imewashwa gari likiwa limesimama, kisha gari likiwa mwendoni. Kasoro inayosikika katika hali zote tatu haitoki mahali pamoja na ile inayojitokeza injini inapowashwa tu, na ile inayotokea barabarani pekee karibu kila mara ni kitu kilicholegea.

Kuna tahadhari tatu za kuzingatia kabla ya kufungua chochote. Kwanza, baadhi ya redio za Kijapani zenye ramani hujifunga betri ya gari inapoondolewa, kisha hudai kadi ya ramani iliyokuja nayo au namba ya siri, na wengi wameipoteza redio nzima iliyofungwa garini kwa sababu ya kung'oa waya wa betri bila kufikiri. Kazi ya spika za milangoni haihitaji betri kuondolewa, inatosha kuizima redio na kutoa ufunguo. Pili, plagi za rangi ya manjano utakazozikuta kwenye nguzo za kioo cha mbele na chini ya viti ni za mifuko ya hewa ya usalama, nazo haziguswi. Tatu, usiunganishe kamwe waya hasi wa spika na bodi ya gari. Katika magari ya zamani sana mafundi walifanya hivyo na sauti ikatoka, lakini redio za leo hupeleka mawimbi katika waya zote mbili za spika, na ukiupeleka mmoja wao kwenye bodi unaweza kuunguza amplifaya, yaani kikuza nguvu ya sauti, iliyo ndani ya redio.

Sauti ni nyembamba, haina besi

Hili ndilo lalamiko linaloongoza, na ndilo lenye sababu nyingi zaidi. Anza na mipangilio ya redio, kwa kuwa haigharimu kitu. Rudisha besi na trebo katikati, hakikisha mgawanyo wa mbele na nyuma haukusukumwa wote upande mmoja, kisha angalia ikwalaiza ya simu yako, ambayo huenda imepunguza sauti nzito bila wewe kujua. Baadhi ya redio za Kijapani zenye Bluetooth ziliundwa kupokea simu tu na wala si muziki, na muziki ukipitishwa katika njia ya maongezi hutoka kama sauti ya mtu anayezungumza kwenye simu, hata kama spika ni nzima kabisa. Ukiunganisha simu hiyohiyo kwa waya wa AUX, ule unaochomekwa kwenye tundu la muziki la redio, na besi ikarudi, umeshapata jibu na huna haja ya kufungua mlango.

Mipangilio ikiwa sawa, sababu ya pili ni spika kufungwa kinyume. Spika ina ncha mbili, chanya na hasi. Spika ya kushoto na ya kulia zikiunganishwa namna moja, karatasi zake, zile koni zinazotetemeka kutoa sauti, husogea mbele kwa pamoja na kurudi nyuma kwa pamoja. Moja ikigeuzwa, hii husukuma hewa wakati ile inaivuta, na kwa sauti nzito zinafutana. Wimbi la hezi 100 lina urefu wa mita 3.4 hivi, ambao ni mkubwa kuliko upana wa gari, kwa hiyo spika mbili zinazopingana ndani ya chumba kidogo namna hiyo huimaliza besi kabla haijafika masikioni, ilhali sauti za juu hubaki, zikisikika kama zimetapakaa bila kuwa na mahali zinapotokea. Kasoro hii huikuta zaidi katika magari yaliyowahi kubadilishiwa spika moja, kwa kuwa fundi alikata plagi ya kiwandani na kuunga waya kwa kukisia rangi.

Kuipima ni rahisi. Cheza wimbo wenye ngoma, peleka sauti yote kushoto, halafu yote kulia, halafu irudishe katikati. Ikiwa besi inasikika vizuri zaidi upande mmoja ukiwa peke yake kuliko pande zote mbili zikiwa pamoja, spika moja imegeuzwa. Kuthibitisha, fungua mlango, chomoa plagi ya spika, na uguse ncha zake kwa ile betri ya volti 1.5 kwa nukta moja tu. Karatasi ikiruka kuelekea nje, ncha iliyoguswa na upande chanya wa betri ndiyo chanya ya spika. Fanya hivyo kwa zote, uweke alama kwa kalamu, kisha uzirudishe kwa mpangilio mmoja.

Sababu ya tatu ndiyo ninayoitilia mkazo kuliko zote, nayo ni mlango. Spika hutoa sauti mbele na nyuma kwa nguvu zilezile, lakini wimbi la nyuma ni kinyume cha la mbele. Yakikutana, sauti nzito hufutana kama ilivyokuwa kwa zile spika mbili. Spika ya nyumbani hufungwa ndani ya kasha ili mawimbi hayo yasikutane, na katika gari kasha hilo ni mlango. Ukivua paneli ya mlango utaona bati lenye matundu makubwa ambayo mafundi wa kioo na kitasa hupitishia mikono, na kiwandani matundu hayo hufunikwa kwa nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi inayonata. Nailoni hiyo kazi yake ya kwanza ni kuzuia maji ya mvua yasiingie ndani ya gari, lakini pia husaidia kidogo kuutenga upande wa nyuma wa spika na upande wa mbele. Mota ya kioo inapoharibika, fundi huichana nailoni, hufanya kazi yake na kurudisha paneli bila kuibandika tena. Tangu siku hiyo besi huondoka, na katika masika kapeti huanza kunuka unyevu.

Nakumbuka mzee mmoja mwenye Probox, dereva wa abiria kati ya hapa na Mambrui, ambaye alikuwa ameshabadilisha spika za mbele mara mbili na alikuwa njiani kununua za tatu. Nilimwambia, "Ami, nipe saa mbili kabla hujatoa pesa." Akanijibu, "Haya mwanangu, lakini ikishindikana nakwenda dukani." Milango yote miwili haikuwa na nailoni hata kipande, na spika zilikuwa zimeshikwa kwa skrubu mbili badala ya nne. Tuliziba matundu, tukazikaza spika juu ya pete imara, na zile spika zake za pili, ambazo alikuwa amezikatia tamaa, zikatoa ngoma aliyokuwa akiitafuta. Alikaa ndani ya gari akisikiliza muda mrefu bila kusema neno, na mimi nilifurahi kuliko siku ambayo ningemuuzia seti mpya.

Kazi yenyewe hufanywa hivi. Safisha bati la ndani kwa kitambaa na spiriti hadi liache kuwa na vumbi wala mafuta. Bandika shiti za butili (mpira mzito unaonata) zenye karatasi ya alumini juu ya bati la nje la mlango, lile unaloliona kupitia matundu, hasa nyuma ya spika. Si lazima kulifunika lote, kwa sababu hata robo ya eneo lake ikibandikwa vizuri hunyamazisha mtetemo mwingi. Kisha ziba matundu makubwa ya bati la ndani. Wengine hutumia shiti hizohizo peke yake, lakini kwa joto la hapa, gari likianikwa juani mchana kutwa, shiti iliyoning'inia juu ya tundu kubwa hulegea. Ni heri kukata kipande cha plastiki ngumu au alumini nyembamba, ukikaze kwa skrubu, halafu ndipo ubandike shiti juu yake, ili fundi wa kioo ajaye akute kitu kinachofunguka. Matundu madogo yaliyo chini kabisa ya mlango usiyazibe hata moja. Hayo ni ya kutolea maji, na mlango usiotoa maji huoza kwa kutu kutoka ndani.

Pete ya spika nayo isidharauliwe. Spika nyingi za kiwandani za Toyota huumbwa pamoja na pete yake ya plastiki, inayoisogeza karibu na paneli na mbali na kioo. Spika ya dukani haina pete hiyo, na ikifungwa moja kwa moja kwenye bati huacha mwanya mkubwa nyuma ya paneli, hivyo nusu ya sauti hubaki ndani ya mlango, na kioo kikiteremshwa huweza kugonga sumaku. Pete ya ubao wa kawaida wa vumbi la mbao uliogandamizwa hunyonya maji na kufura kabla ya mwaka kwisha. Tumia plaiwudi ya majini, ambayo mafundi wa mashua wanayo, na uipake vanishi pande zote pamoja na kingo, au ukate pete hiyo kutoka kwenye kibao kinene cha plastiki cha kukatia mboga, ambacho hakijali maji kabisa. Weka sponji nyembamba kati ya spika na pete, na nyingine kati ya spika na paneli.

Sauti inakwaruza inapoongezwa

Hapa lazima kutofautisha aina mbili za kukwaruza. Iwapo spika zote zinakwaruza kwa pamoja, na hilo linaanzia kiwango kilekile kila mara, spika hazina hatia. Ni redio iliyofika mwisho wa uwezo wake. Maandishi ya "wati 50 mara 4" yaliyo usoni mwa redio nyingi yasikudanganye. Redio isiyo na amplifaya ya pembeni hutumia umeme wa gari ulivyo, yaani volti 14.4 hivi injini ikiwa inawaka, na volti hizo katika spika ya omu 4 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) haziwezi kutoa zaidi ya wati 25 hivi za sauti safi hata kama hakuna kinachopotea. Ukiondoa kinachopotea njiani hubaki chini ya wati 20. Kila unachokiomba zaidi ya hapo hutoka kikiwa kimekatwa vichwa vya mawimbi, na huo ndio mkwaruzo unaousikia. Kupandisha besi hadi mwisho hukufikisha kwenye ukomo huo mapema zaidi, kwa sababu kuongeza sauti nzito kwa desibeli 10 kunadai nguvu mara 10. Shusha besi, na utashangaa jinsi sauti nzima itakavyoweza kupanda bila kukwaruza.

Kagua pia simu yenyewe. Kwa AUX, simu ikiwa chini sana utalazimika kupandisha redio na mchirizi, ile kelele ya "shhh", utapanda nayo, na katika baadhi ya simu, kufika kiwango cha mwisho huleta mkwaruzo kabla redio haijafanya lolote. Mimi huiweka simu karibu na robo tatu, kisha kazi iliyobaki naiachia redio.

Ikiwa ni spika moja tu inayokwaruza, tena hata kwa sauti ndogo, tatizo ni la spika hiyo au la mlango wake. Vua kifuniko, weka vidole vinne kuizunguka karatasi, uisukume ndani polepole na kwa usawa. Ikisaga kama mchanga, koili, yaani waya uliozungushwa nyuma ya karatasi, imepinda au kutu imeingia katika nafasi nyembamba ya sumaku, na spika ya namna hiyo haitengenezeki kwa gharama ya maana. Angalia ukingo wa karatasi: ule wa sponji humeguka kama biskuti kwa joto na unyevu, ilhali ule wa mpira hudumu muda mrefu zaidi. Mpasuko mdogo wa karatasi huweza kuzibwa kwa gundi laini inayobaki kunyumbulika na kipande cha karatasi nyembamba. Gundi inayokauka ikawa ngumu kama jiwe haifai.

Wakati mwingine kinachokwaruza si spika bali ni waya wa kitasa, klipu iliyovunjika au paneli yenyewe. Kaa ndani, cheza ngoma nzito, na umwombe mwenzako abonyeze paneli sehemu moja baada ya nyingine. Mahali ambapo kelele inanyamaza ndipo pa kutia klipu mpya au kipande cha sponji.

Mlio mwembamba unaopanda na injini

Ukikanyaga mafuta na mlio ukapanda, ukiachia ukashuka, sauti hiyo inatoka kwenye altaneta, mashine inayozungushwa na injini kuzalisha umeme wa gari, na kuingia katika njia ya muziki. Kabla ya kumwita fundi, chomoa chaji ya simu iliyo katika soketi ya kiberiti. Simu inayochajiwa huku ikipeleka muziki kwa AUX huwa imeunganishwa na bodi ya gari kwa njia mbili, kupitia chaji na kupitia waya wa muziki, na tofauti ndogo ya umeme kati ya njia hizo husikika kama mlio. Mlio ukinyamaza, tumia Bluetooth wakati wa kuchaji, au uweke kwenye waya wa AUX kile kifaa kidogo chenye transfoma kinachotenganisha njia za ardhi, yaani zile zinazorudisha umeme kwenye bodi.

Usiponyamaza, ihamie redio. Nyuma yake kuna waya mweusi wa ardhi, na mara nyingi kwenye redio iliyobadilishwa waya huo umefungwa kwenye skrubu ya dashibodi iliyopakwa rangi au iliyoshika kutu. Washa injini na taa, weka mita kwenye volti za moja kwa moja, ncha moja kwenye ardhi ya redio na nyingine kwenye ncha hasi ya betri. Kipimo kikizidi volti 0.1, muungano huo ni mbovu: kwangua rangi kwa msasa hadi bati ling'ae, kaza upya, kisha upake grisi juu yake ili chumvi isipite. Kagua pia ule waya mnene unaotoka betri hadi bodi na injini. Magari yanayolazwa karibu na ufuo, hasa miezi ya kusi ambapo upepo huleta chembe za maji ya bahari hadi nyumbani, huota unga wa kijani na mweupe kwenye ncha hizo kwa kasi ambayo mtu wa bara hataiamini.

Mwisho pima altaneta yenyewe. Betri nzima iliyopumzika huonyesha volti 12.6, na injini ikiwashwa hufika kati ya 13.8 na 14.4 katika magari mengi. Kisha igeuze mita isome umeme wa kubadilika na upime palepale kwenye betri, injini na taa zikiwaka. Ikizidi volti 0.5, kuna dayodi (kijisehemu kinachonyoosha umeme wa kubadilika) iliyokufa ndani ya altaneta, na hapo tatizo si la muziki tena. Gari hilo litakuacha njiani.

Spika moja imekufa au inakatikakatika

Peleka sauti yote upande wa spika hiyo, kisha fungua na ufunge mlango polepole. Sauti ikija na kutoweka, waya umekatika ndani ya bomba la mpira linalopita kati ya mlango na bodi. Waya huo hupinda kila mlango unapofunguliwa, na katika gari la abiria hupinda mara nyingi mno kwa siku. Unaweza kuonekana mzima kwa nje, ukiwa umekatika ndani ya plastiki yake. Usiuunge ndani ya bomba hilo, kwa kuwa kiungo kigumu kitakatika tena mahali palepale. Pitisha waya mpya mrefu, na viungo vyake viwe mbali na sehemu inayopinda.

Kama mlango hauleti mabadiliko, chomoa plagi ya spika na upime omu kwenye ncha zake. Spika ya omu 4 husoma kati ya 3.2 na 3.8. Mita isiposoma chochote, koili imeungua au kijiwaya chake kimekatika, na hapo spika mpya inahitajika. Ikisoma vizuri, tazama plagi. Kutu ya kijani kwenye shaba ndiyo mtu wa kulaumiwa katika magari yetu, na kuchomoa na kuchomeka tena kutakupa siku chache tu za nafuu. Isafishe kwa kisafishio cha miunganiko ya umeme na mswaki mkavu, uikaushe, kisha utie grisi ya silikoni kidogo. Waya zilizosokotwa kwa mkono na kufungwa tepu nyeusi, zikate. Zilehemu, uzivike mpira unaojikaza kwa joto wenye gundi ndani, ambao hauachi nafasi ya unyevu kuingia. Tepu huachia gundi yake kwenye joto na kubaki ikining'inia. Ukinunua waya, kwangua ncha yake kwa kisu: ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, huo ni alumini iliyopakwa shaba, na hapa kwetu alumini ya namna hiyo hugeuka unga.

Redio inashika stesheni chache

Masafa ya FM ya Japani huanzia megahezi 76, na redio nyingi za huko huishia 90, ilhali yetu ni 88 hadi 108. Hiyo si hitilafu. Kifaa cha kushusha masafa huchomekwa kati ya antena na redio na hutatua sehemu ya tatizo, lakini cha bei ndogo huongeza mchirizi na hakipokei masafa yetu yote kwa wakati mmoja. Stesheni zikifika lakini kwa mchirizi, fungua kitako cha antena ya juu ya paa, kwani maji ya chumvi hupenya chini ya mpira wake. Kwa magari yenye antena ndani ya kioo cha nyuma, hakikisha kiongezeo chake kinapata volti 12, jambo ambalo mara nyingi husahauliwa redio ya asili inapobadilishwa.

Sauti za juu zimezama, au zinachoma masikio

Twita, yaani spika ndogo za sauti za juu, zilizo kwenye pembe za dashibodi au karibu na vioo vya pembeni huunganishwa kupitia kapasita inayozuia besi isizifikie. Kapasita ya mikrofaradi 10 katika twita ya omu 4 huanza kupitisha sauti kuanzia hezi 4,000 hivi, na ya mikrofaradi 4.7 kuanzia karibu hezi 8,500. Kapasita ikichoka, twita hufifia. Akija fundi akaiondoa kwa kudhani ni ziada, twita huweza kuungua. Iwapo sauti zinachoma, punguza trebo kidogo na uangalie kama twita inakuelekea usoni. Kile kifaa cha kurushia muziki kwa FM kutoka soketi ya kiberiti nacho hukata sauti zote zilizo juu ya hezi 15,000 na kuongeza kelele zake. Kama redio ina tundu la AUX, sioni sababu ya kukitumia.

Na kama muziki wote unaonekana kutoka mlango wa dereva, ni kwa sababu spika ya kulia iko karibu nawe kuliko ya kushoto. Sogeza mgawanyo kushoto hatua moja au mbili.

Yote yakiwa sawa na bado hujaridhika

Sasa ndipo ununuzi una maana, na ninashauri uanze na spika za milango ya mbele pekee. Za nyuma huwahudumia abiria, hazibadilishi sana anachosikia dereva. Usiangalie wati zilizoandikwa kwenye boksi, angalia wepesi wake, yaani ni desibeli ngapi inatoa kwa wati moja kwa umbali wa mita moja. Spika ya desibeli 92 ikilinganishwa na ya 88 ni sawa na kuwa na redio yenye nguvu mara mbili na nusu, bila waya hata mmoja wa ziada. Spika nzito zinazosifiwa kwa wati 300 zimeundwa kwa ajili ya amplifaya, na zikifungwa kwenye redio ya kiwandani hutoa sauti ndogo kuliko zile ulizoziondoa.

Amplifaya ndogo ya njia nne inayokubali kuunganishwa na waya za spika za redio ya asili ndiyo hatua inayofuata, halafu wufa, yaani spika ya besi, ya chini ya kiti. Waya wa umeme wa amplifaya utoke moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi iwe ndani ya sentimita 45 kutoka betrini, si kando ya amplifaya, kwa kuwa kinacholindwa ni waya: ukichubuka mahali unapopenya bati la injini bila fyuzi nyuma yake, unawaka moto. Waya wa ardhi uwe na unene uleule, uwe mfupi, na ukazwe kwenye bati lililokwanguliwa. Amplifaya usiifungie chini ya kapeti isikopata hewa. Safari ya kwanza ndefu, mathalani kwenda Mombasa, kilomita 120 hivi, ukifika weka mkono kwenye kishikio cha fyuzi. Kikiwa cha moto kuliko waya unaokiingia, ncha zake zimelegea. Baada ya mwezi mmoja fungua tena bolti za ardhi, ukikuta unga wa kijani umeanza, usafishe na upake grisi upya.